Njia Katikati ya Shamba la Mtu

Leo sina sungura wala fisi, wanangu. Nina mbuzi wengi, kondoo wengi kuliko mbuzi, mwimbaji maarufu, mume wake asiyependa kuhojiwa na waandishi, na bonde ambalo watu walilitazama miaka na miaka wakiwa nje ya seng'enge. Hadithi ni ya kweli, kwa hiyo msikae mkingoja mbuzi aseme.

Nchi yenyewe ni Nyuzilandi. Shika ramani ya dunia, teremka kusini mashariki mpaka uipite Australia, halafu uzidi kidogo. Utakuta visiwa viwili virefu. Kile cha kusini kimejaa milima, na mingine haikauki theluji mwaka mzima. Ndani huko kuna ziwa liitwalo Wānaka, na ng'ambo ya milima kuna mji mdogo wa Arrowtown, ambako mwaka 1862 dhahabu ilipatikana mtoni na watu wakamiminika na sufuria zao za kuchekechea mchanga. Kati ya ziwa na mji lipo bonde la Motatapu, ambalo Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, walilijua kwa jina na kwa miguu kabla mzungu yeyote hajaliona.

Dhahabu ilipopungua, walibaki wafugaji. Mashamba ya mifugo ya huko si haya unayoyajua ya kuzungukwa asubuhi na kurudi kunywa chai. Mfugaji mmoja anaweza kuwa na milima mitano, mito miwili na kondoo wa manyoya laini wasiohesabika kwa macho. Na hapa ndipo jambo la kwanza la kushangaza: milima hiyo mingi haikuwa mali yake. Ilikuwa ya serikali, yaani ya wananchi wote. Mfugaji aliikodi kwa miaka 33, na miaka ikiisha alikuwa na haki ya kuongeza mingine 33, na mingine tena, bila kikomo. Ndani ya mkataba huo alipewa haki ya kuitumia peke yake. Mtu akiingia bila ruhusa, anaweza kuambiwa atoke. Kwa hiyo ardhi ni ya watu wote, lakini watu wote hawapiti. Fikirieni hilo kidogo kabla hatujaendelea.

Basi watu waliishi kwa kupiga hodi. Kijana anataka kwenda kilele kile pale. Anafika nyumbani kwa mfugaji, anabisha, anaulizwa anakwenda wapi na anarudi lini. Mfugaji anamwambia, "Pita, ila usikate upande ule, kondoo wanazaa." Mambo yakaenda hivyo, na kwa kiasi kikubwa yalikwenda vizuri. Ila ruhusa ya namna hiyo imo kinywani mwa mtu. Mtu akiamka vibaya, hamna ruhusa. Akifa, imekufa naye. Akiuza, mnunuzi hajui lolote kuhusu hodi zenu.

Na siku moja pakauzwa.

Mwaka 2004 walikuja wanunuzi wawili, mke na mume. Mke ni Shania Twain, mwimbaji kutoka Kanada, ambaye albamu yake ya mwaka 1997 iliuzwa duniani kote. Waulizeni shangazi zenu. Mume ni Robert Lange, ambaye dunia ya muziki inamwita Mutt. Huyu hakai jukwaani. Kazi yake ni kukaa studio na kupanga sauti mpaka wimbo ukae sawa, na ndiye aliyetengeneza albamu ya kundi la AC/DC ya mwaka 1980 ambayo hadi leo ni miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia. Kumwona akihojiwa ni nadra sana. Na jambo ambalo nadhani litawafurahisha: alizaliwa Mufulira, kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Jirani yetu kabisa.

Wawili hao walitaka kununua haki ya kukodi mashamba mawili, Motatapu na Mount Soho, zaidi ya hekta 24,000 kwa pamoja. Walikuwa na fedha. Lakini Nyuzilandi ina sheria kwamba mgeni akitaka ardhi kubwa namna hiyo lazima serikali imkubalie kwanza, na serikali huuliza swali moja kwa njia nyingi: nchi itafaidika nini?

Watu wa kutembea milimani wakawa na wasiwasi, na walikuwa na haki kuwa nao. Mfugaji wa jirani unaweza kumgongea mlango. Nyota wa muziki anayeishi bara jingine utamgongea wapi?

Ndipo likaja jibu. Wanunuzi wakakubali kwamba njia ya umma ipite ndani ya mashamba yao, kutoka upande wa ziwa la Wānaka hadi upande wa Arrowtown. Njia hiyo haitegemei hodi. Ni haki ya kupita iliyoandikwa, yenye ramani yake, ikasajiliwa. Mwaka 2008 ikafunguliwa.

Sasa tuielewe karatasi hiyo, maana ndiyo kiini cha hadithi. Waliokulia pwani yetu hawatapata taabu. Unguja na Pemba mtu anaweza kuwa na mikarafuu au minazi yake huku ardhi ilipoota ni ya mtu mwingine. Mwenye miti anakuja kuchuma, anapita, anaondoka. Mwenye ardhi hawezi kumwambia kwamba mti umeingia kwake. Kumbe "shamba langu" si kitu kimoja. Kuna haki ya kulima, haki ya kujenga, haki ya kukata miti, haki ya kuchimba, haki ya kumzuia mtu asipite, haki ya kuuza. Kila moja inaweza kutolewa peke yake na nyingine zikabaki kwa mwenyewe. Mkataba wa njia unachukua kipande kimoja tu: katika ukanda huu mwembamba, hutamzuia mtu anayepita kwa miguu. Mengine yote yanabaki kwako.

Na unaandikishwa kwa msajili wa ardhi, ukafungamana na hati. Hilo ndilo linalotofautisha na ile ruhusa ya kinywani. Shamba likibadili mikono mara kumi, njia inakwenda nalo.

Twendeni basi tukaipite.

Mwanzo ni kiegesho cha magari karibu na ghuba ya Glendhu, kando ya ziwa. Njia inafuata kijito cha Fern Burn, na mwanzoni kuna msitu wa kivuli, baridi, mawe yamevaa kuvu la kijani. Halafu msitu unakatika ghafla na unabaki wewe na nyasi. Nyasi za huko hazikai chini kama zetu za uwanjani. Zinaota kwa mashungi, shungi hapa, shungi pale, rangi ya mchanga wa mtoni, zinakufika gotini na mahali pengine kiunoni. Kati ya shungi na shungi kuna shimo ambalo hulioni mpaka mguu umeshaingia. Zikilowa zinateleza hata kuliko matope. Mahali pengi hakuna njia ya kuonekana kwa macho. Kuna nguzo nyembamba, ncha yake imepakwa rangi ya chungwa, na mbele yake nyingine, na nyingine juu kabisa kwenye bega la mlima, ndogo mpaka unajiuliza kama ni nguzo au ni macho yako. Unatembea kutoka nguzo hadi nguzo. Ukungu ukishuka, unasimama kwenye nguzo uliyoifikia mpaka uione inayofuata.

Zipo nyumba tatu ndogo za kulala njiani: Fern Burn, Highland Creek na Roses. Vitanda vya mbao vimepangwa kwa safu, kuna magodoro, tangi la maji ya mvua, choo nje, na daftari la kuandika jina lako na unakoelekea kesho. Daftari hilo si mapambo. Usipofika, ndilo watu wa uokoaji watakalolifungua kwanza. Idara ya Uhifadhi ya serikali ndiyo inayotunza nyumba na nguzo, ingawa zimesimama ndani ya shamba la mtu. Wenye miguu mizuri humaliza kwa siku tatu, wengine nne, wakipanda na kushuka, wakipanda na kushuka, mpaka mtoni karibu na Macetown, kijiji cha wachimba dhahabu ambacho siku hizi hakina mkazi. Kutoka hapo wanafuata Mto Arrow hadi mjini, na kama mvua imenyesha milimani wanapita juu ya ukingo, kwa sababu mto ule ukijaa haubembelezi mtu.

Mmoja wenu alinyoosha kidole niliposema kupanda na kushuka. Ndiyo, bonde lenyewe lipo hapo chini, limenyooka, lina barabara ya shamba, na baiskeli ingelivuka kwa siku moja. Kwa nini basi njia ya umma imepelekwa milimani, kwenye migongo mikali ya kukatisha pumzi? Watu wengi waliuliza swali hilohilo, tena kwa hasira. Bondeni ndiko mifugo iliko na kazi za shamba zinakofanyika. Mwenye shamba alitaka shughuli zake zisiingiliane na wapita njia. Umma ulitaka njia. Wakakutana milimani. Upo mwezi mmoja kila mwaka, Machi, ambapo yanafanyika mashindano ya baiskeli na mbio yanayoitwa kwa jina la bonde, na ndipo maelfu hupita bondeni kwa siku hiyo. Siku nyingine, panda.

Mimi naona walipunjwa kidogo watu wa kutembea, hasa wazee na watoto ambao njia ile si ya kwao. Lakini naona pia kwamba njia ngumu iliyosajiliwa inaishinda njia rahisi ya kuombwa. Leo njia ya Motatapu ni sehemu ya Te Araroa, njia ndefu iliyofunguliwa mwaka 2011, kilomita zipatazo 3,000 kutoka ncha ya kaskazini ya nchi hadi kusini kabisa. Njia ya nchi nzima haiwezi kujengwa juu ya hodi.

Hapo tumemaliza ahadi ya kwanza, ahadi kwa miguu ya watu. Ahadi ya pili ni kwa ardhi yenyewe, na ili kuielewa inabidi turudi nyuma, kwenye kisiwa cha kaskazini, kwa mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa.

Aliitwa Gordon Stephenson. Miaka ya sabini aliona mabaki ya misitu ya asili yakifyekwa shamba baada ya shamba, na yeye mwenyewe alikuwa na kipande kizuri kwake, mahali paitwapo Waotu. Alitaka msitu ule usikatwe kamwe, hata akishaondoka duniani. Tatizo: ukimwachia mwanao kwa maneno, mwanao ataheshimu, mjukuu labda, mnunuzi hapana. Ukiipa serikali, si yako tena. Na wakulima, mnajua, hawapendi kunyang'anywa chao hata kwa nia njema. Stephenson na wenzake wakapigania njia ya tatu. Mwaka 1977, malkia wa Uingereza alipotimiza miaka 25 kwenye kiti, bunge la Nyuzilandi likapitisha sheria ya kuunda amana ya taifa yenye jina lake, Amana ya Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1979 msitu wa Stephenson ukawa wa kwanza kuingia kwenye agano.

Agano hilo linafanya hivi. Ardhi inabaki yako. Unaweza kuiuza, kuirithisha, kuishi hapo. Ila mnaandikiana na amana: msitu huu hautakatwa, kinamasi hiki hakitakaushwa, hapa hapatajengwa, na masharti hayo yamefungwa kwenye hati milele. Mara nyingi amana husaidia gharama za uzio ili ng'ombe wasiingie. Mtu wao huja mara kwa mara kutembea na mwenye shamba na kutazama kama ahadi inashikwa. Tangu msitu ule wa Waotu, maelfu ya maagano yameandikwa, na mengi yameletwa na wakulima wenyewe, bila kushurutishwa.

Sasa shikeni neno hili, maana watu wazima wengi hulikosea: agano la kulinda ardhi halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia. Msitu wa mkulima unaweza kulindwa milele na wewe usiuone ila kwa picha. Ukitaka kuingia, unarudi kulekule, hodi, na mwenyewe anaamua. Kulinda ni karatasi moja, kufungua lango ni nyingine.

Hata Marekani, ambako maagano ya aina hii ni mengi sana na mwenye ardhi hupunguziwa kodi akitoa, sheria ya kodi inaorodhesha sababu kadhaa zinazokubalika. Kuwaachia watu wote mahali pa kutembea na kucheza ni mojawapo. Kulinda makazi ya wanyama ni nyingine, na hiyo haidai lango lifunguliwe. Mwenye ardhi huchagua.

Basi turudi Motatapu. Ndoa ya wanamuziki wale ilikuja kuvunjika, na ardhi ikabaki mikononi mwa Lange. Akaongeza mashamba mawili ya jirani, Glencoe na Coronet Peak, mpaka ardhi yake ikafika karibu na Queenstown, mji wa watalii. Na mwaka 2014 akafanya jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha: akaweka hekta zipatazo 53,000 chini ya maagano ya amana ile ya malkia. Kwa vipimo vya kwetu, ni zaidi ya mara nne ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mradi wote ukapewa jina la Kimaori, Mahu Whenua. Nyuzilandi haikuwahi kuona mtu binafsi akifunga agano kubwa hivyo.

Na mbuzi? Nilijua mtauliza.

Visiwa hivyo vilijitenga na bara tangu zama za kale mno, na wanyama wa nchi kavu wenye manyoya hawakufika, isipokuwa popo. Mimea ikakua bila kuliwa na mbuzi wala kondoo wala sungura. Waliokuwa wakila majani ni ndege, akiwemo moa, ndege asiyeruka ambaye aina yake kubwa ilimzidi mbuni, na ambaye alikwisha baada ya binadamu kufika. Kisha Wazungu wakaleta kila kitu walichokizoea kwao. Mbuzi wakatoroka wakawa wa porini. Mmea wa miiba ulioletwa kutoka Ulaya kufanyia ua ukaruka ua na kufunika vilima. Misonobari ikarusha mbegu kwa upepo ikaota mpaka vileleni, mahali pa zile nyasi za mashungi. Kwa hiyo huko kuandika agano na kukaa kitako hakutoshi. Ukiiacha ardhi peke yake, wanaoshinda ni mbuzi na misonobari. Lange akaondoa mifugo sehemu kubwa za milimani, akalipa watu wa kuwinda mbuzi, kung'oa magugu na kukata misonobari, na kando ya mito ikapandwa miche ya asili kwa wingi. Gharama ni kubwa, na tuseme kweli, tajiri wa muziki anaziweza kuliko mfugaji wa kawaida.

Hapa kuna ugumu ambao nataka muuone vizuri. Mtu anayelinda ardhi namna hiyo, je, anataka watu waingie? Mguu mmoja hauharibu kitu. Miguu elfu kumi inachimba mtaro ambao mvua inaugeuza korongo. Soli ya kiatu inabeba mbegu za magugu kutoka ulikotoka. Mbwa anakimbiza kondoo mwenye mimba. Mtu anawasha moto wa chai penye nyasi kavu na upepo. Lango linaachwa wazi na kundi linachanganyika. Mfugaji yeyote anayekataa wageni anaweza kukusimulia kisa chake, na mara nyingi si uongo.

Kuna hofu nyingine, ya mgeni kuvunjika mguu kisha akampeleka mwenye shamba mahakamani. Katika nchi nyingi hofu hiyo peke yake imefunga malango. Nyuzilandi waliitatua kwa njia isiyohusu mashamba kabisa: tangu 1974 wana mfuko wa taifa unaomtibu na kumlipa aliyepata ajali, yeyote awe, popote ilipotokea, na kwa sababu hiyo mtu hafungui kesi ya kudai fidia ya kuumia. Mwenye shamba anapumua. Nadhani sheria hiyo ya ajali imefungua njia nyingi za milimani kuliko hotuba za wanamazingira.

Kwa hiyo dawa ya Motatapu ni mstari. Hawakufungua hekta zote 53,000 watu wakatawanyika kama wapendavyo. Walifungua njia, wakaweka nguzo, wakaweka nyumba za kulala ili watu walale mahali pamoja na choo kiwe mahali pamoja, wakakataza mbwa na bunduki, na nje ya mstari kazi ya kuponya ardhi ikaendelea. Anayepita anaona kila kitu kwa macho. Anakanyaga sehemu ndogo sana.

Huku kwetu tuna kisa kinachofanana nusu. Hifadhi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na upande wa kusini haina uzio. Unavuka Mto Mbagathi uko kwenye ardhi ya Wamaasai wa Kitengela. Nyumbu na punda milia walikuwa wakitoka mvua zinaponyesha, wakala majani kwenye ardhi ya watu, kiangazi wakarudi hifadhini. Mgeni alikuwa akilipa langoni Nairobi kumwona nyumbu aliyenenepa kwenye shamba la mtu asiyepata senti. Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kulipa familia hizo dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio, wasilime, wasichimbe mawe, wasiuze vipande vipande. Malipo yaligawanywa mara tatu, Januari, Mei na Septemba. Mnaona hiyo miezi? Ni ya kufungua shule. Waliopanga walijua mzazi anauza ardhi lini.

Lakini tofauti ni hii: Kitengela waliandikiana kwa muda, mwaka hadi mwaka, na fedha zilitoka kwa wafadhili. Mkataba wa muda unamheshimu mzazi ambaye hataki kuwafunga wanawe milele, na mimi siwezi kumlaumu. Ekari kando ya jiji kubwa ni urithi mzito. Ila mkataba wa muda unaishi kadiri fedha zinavyokuja. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inaruhusu masharti ya hifadhi kufungwa kwenye ardhi, hata kwa kudumu, kwa hiyo chombo kipo. Kinachokuwa kigumu ni bei ya "milele" mahali ambapo ploti inapanda thamani kila Krismasi.

Swali la mwisho, wewe wa nyuma. Lange akiuza, na mnunuzi mpya akatia kufuli?

Atakuwa amenunua ardhi pamoja na karatasi zake zote mbili, na wakili wake alishaziona kabla hajalipa. Kwa upande wa ardhi, amana itamfuata. Kwa upande wa njia, Idara ya Uhifadhi ina haki yake iliyosajiliwa, na tangu 2008 ipo tume ya taifa ambayo kazi yake ni njia za umma tu: kuzitafuta, kuzitetea, kusuluhisha mwenye shamba na wapita njia wakigombana. Wana ramani ya nchi nzima kwenye intaneti, bure, mtu yeyote anaweza kuifungua hata akiwa Tanga au Kisumu. Sogeza mpaka ziwa la Wānaka, halafu teremka kusini. Utaona mashamba makubwa yasiyo na kitu ndani, na katikati yake mstari mmoja unaopanda na kushuka mpaka mtoni.